Kikasha cha Mbunge: Tovuti na Barua Pepe kati ya Watunga Sheria na Wananchi wa Majimbo Yao

Uwakilishi wa kibunge, yaani utaratibu ambao watu wengi humchagua mmoja wao akawasemee mahali ambapo wote hawawezi kukaa, hauwezi kusimama bila njia ya kupitisha habari pande zote mbili: mwananchi amweleze mbunge shida na maoni yake, na mbunge amweleze mwananchi alichokifanya na sababu za kukifanya. Kwa zaidi ya miaka thelathini sasa sehemu kubwa ya mawasiliano hayo imehamia katika tovuti na barua pepe, na wengi walioandika mapema juu ya uhamaji huo walitaraji kwamba umbali kati ya mpigakura na bunge ungefutika. Haukufutika, na sababu yake ni ya gharama kuliko ya mitambo, kwa kuwa teknolojia imeshusha gharama ya kuandika hadi kukaribia sifuri, ilhali gharama ya kusoma, ya kuhakikisha aliyeandika ni nani, na ya kumjibu haikushuka kwa kiasi hicho. Karibu kila utaratibu uliobuniwa na ofisi za wabunge katika eneo hili umezaliwa na pengo hilo. Mfano unaofaa kuchunguzwa kwanza ni Kongresi ya Marekani, yenye Seneti na Bunge la Wawakilishi, kwa kuwa ilianza mapema na mwenendo wake umechunguzwa sana; kutoka hapo ndipo hali ya Kenya na Tanzania, ambako simu ya mkononi iliwahi mahali ambapo kwingine palishikwa na kompyuta ya mezani, inapoweza kueleweka vizuri zaidi.

Kabla ya kompyuta, chombo kikuu kilikuwa barua ya posta, na katika chombo hicho mbunge wa Marekani alikuwa na upendeleo ambao mwananchi hakuwa nao. Tangu mwaka 1775, katika Kongresi ya makoloni yaliyokuwa yakipigania uhuru, na baadaye kwa uamuzi wa Kongresi ya kwanza ya mwaka 1789, wajumbe waliruhusiwa kutuma barua za kazi bila kulipia stempu, saini ya mjumbe ikisimama mahali pa malipo. Mwananchi, kwa upande wake, alilipia karatasi, bahasha na stempu, akatumia saa nzima au zaidi kutunga alichotaka kusema. Gharama hiyo ilikuwa mzigo kwake, lakini ilikuwa pia ushahidi: ofisi iliyopokea barua iliyoandikwa kwa mkono ilijua kwamba aliyeiandika alilijali jambo lenyewe kiasi cha kuliwekea muda na fedha, na muhuri wa posta ulionyesha barua ilikotoka. Barua pepe iliuondoa mzigo huo, na ushahidi nao ukaenda pamoja na mzigo.

Kwamba tatizo hili lilionekana tangu siku ya kwanza kunathibitishwa na majaribio yaliyoanzishwa na Bunge la Wawakilishi mwezi Juni 1993, ambayo yaliwahusisha wabunge saba tu. Mwananchi aliyetaka kumwandikia mmoja wao kwa kompyuta alitakiwa kwanza kupeleka kwa posta kadi au barua yenye jina lake na anwani ya makazi, ili ofisi ijiridhishe kuwa anaishi jimboni. Na alipokwisha kukubaliwa na kutuma ujumbe wake kwa njia ya umeme, jibu lilimrudia kwa posta, kwa hoja kwamba mtandao wa wakati huo haukuwa na usiri wa kutosha kwa mambo ya mtu binafsi. Utaratibu huo unaweza kuchekesha leo, kwani ujumbe uliosafiri kwa sekunde chache ulizungukwa mbele na nyuma na safari za siku kadhaa. Hata hivyo, maswali mawili yaliyowasumbua walioubuni, yaani huyu ni wa jimbo letu au la, na jibu limfikie vipi, ndiyo yale yale yanayoendesha fomu za kisasa za mtandaoni, na hakuna dalili kwamba yamepata jibu bora kuliko kumtaka mwandishi aseme anakoishi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1994 Seneta Edward Kennedy wa Massachusetts, kwa msaada wa wataalamu wa chuo cha MIT, akawa seneta wa kwanza kuwa na tovuti, na Januari 1995 Maktaba ya Kongresi ilifungua mfumo ulioitwa THOMAS, uliomwezesha mtu yeyote mwenye intaneti kusoma miswada na kumbukumbu za mijadala ambazo zamani zilipatikana katika maktaba kubwa tu. Tukio lililoisukuma barua pepe mbele kuliko hotuba yoyote ya wapenzi wa teknolojia lilitokea Oktoba 2001, pale barua zenye vimelea vya kimeta zilipopelekwa kwa maseneta Tom Daschle na Patrick Leahy. Upokeaji wa barua za posta ulisimamishwa, na uliporejea, kila bahasha ilipitishwa kwanza mahali pa kuuliwa vijidudu kwa mionzi, ikachelewa kwa siku nyingi na wakati mwingine ikafika imekauka na kugeuka rangi. Ofisi ambazo hadi wakati huo zilikuwa zikiwaambia wananchi kwamba barua ya posta ndiyo yenye uzito zilianza kuwaambia kinyume chake.

Kiasi cha ujumbe kilichofuata kinajulikana kwa ukubwa wake. Taasisi ya Congressional Management Foundation, ambayo huchunguza uendeshaji wa ofisi za wabunge huko Washington, ilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2005 kwamba Kongresi ilipokea ujumbe wapatao milioni 200 katika mwaka 2004, mara nne ya kiasi cha mwaka 1995, na kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi ulipitia intaneti. Watumishi wa kuupokea hawakuongezeka. Mjumbe wa Bunge la Wawakilishi haruhusiwi kuajiri zaidi ya watumishi 18 wa kudumu, na kikomo hicho kimekuwapo tangu mwaka 1975, wakati ambapo jimbo la wastani, kwa hesabu ya sensa ya 1970, lilikuwa na watu kiasi cha 470,000. Baada ya sensa ya 2020 jimbo hilo la wastani lina watu zaidi ya 760,000. Sehemu ya watumishi hao wamo jimboni na wala hawashughulikii barua za maoni, hivyo kazi ya kusoma humwangukia kijana mmoja au wawili waliomaliza chuo karibuni, wakisaidiwa na wanafunzi walio katika mafunzo ya vitendo.

Inafaa kuufuata ujumbe mmoja tangu unapoandikwa, kwa kuwa mengi yanayosemwa juu ya kusikilizwa au kutosikilizwa hutegemea vituo unavyopita. Anwani ya barua pepe ya mbunge kwa kawaida haitangazwi. Kinachotangazwa ni fomu iliyo ndani ya tovuti yake, na kitu cha kwanza ambacho fomu huuliza ni msimbo wa posta wenye tarakimu tano, na pale ambapo msimbo mmoja unakatwa na mipaka ya majimbo mawili, tarakimu nne za nyongeza au anwani kamili ya nyumba. Asiyekuwa mkazi husimamishwa hapo, au huelekezwa kwa mbunge wake, kwa kufuata desturi ya siku nyingi kwamba mjumbe hashughulikii watu wa jimbo la mwenzake. Anayepita huchagua mada katika orodha iliyopangwa, kama afya, kodi au uhamiaji, kisha huandika. Ujumbe huingia katika programu ya kusimamia mawasiliano, yaani hifadhidata inayomwekea kila mwananchi jalada lenye jina, anwani, na kila alichowahi kuandika au kupigia simu, na programu hiyo hulinganisha maandishi na kuziweka pamoja nyaraka zinazofanana. Msomaji wa ofisi huamua msimamo wa mwandishi, akaandika kwamba anaunga mkono au anapinga muswada fulani, kisha hutafuta katika maktaba ya majibu barua iliyokwisha kuidhinishwa juu ya suala hilo. Ikiwa barua haipo, rasimu huandikwa, hupita kwa mshauri wa sera na kwa mkuu wa watumishi, na katika baadhi ya ofisi kwa mbunge mwenyewe, na safari hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Mwishoni mwa wiki mbunge hukabidhiwa karatasi ya muhtasari yenye hesabu: wangapi wameandika juu ya nini, na wa upande gani.

Katika safari hiyo mambo mawili hutokea ambayo mwandishi wa barua huwa hayajui. La kwanza ni kwamba hoja yake, hata iwe imejengwa kwa ustadi gani, hugeuzwa kuwa alama moja ya ndiyo au hapana, kwa kuwa hesabu ndiyo inayoweza kupanda ngazi bila kupotea njiani. La pili ni kwamba jibu analolipata, likiwa na jina lake juu na saini ya mbunge chini, liliandikwa kabla yeye hajaandika. Si haki kuuita utaratibu huo udanganyifu, maana hata enzi za barua za posta majibu yalitolewa kwa mashine za saini, lakini ni kweli kwamba umezoesha pande zote mbili mawasiliano ambayo kila upande unajua kwamba mwingine hasemi naye hasa.

Mzigo uliongezwa na makundi ya ushawishi, yaani jumuiya na vyama vinavyotetea jambo maalumu, ambayo yaligundua mapema kwamba mwanachama anaweza kupewa barua iliyokwisha kuandikwa na kitufe kimoja cha kuituma kwa mbunge wake. Kwa makundi hayo barua elfu kumi zinazofanana ni nguvu; kwa ofisi ni barua moja iliyorudiwa. Ripoti ile ya 2005 ilionyesha kwamba takriban nusu ya watumishi walioulizwa waliamini kuwa barua za namna hiyo hutumwa bila mwananchi mwenyewe kujua wala kuridhia, na shaka hiyo ikazaa vizuizi. Mwaka 2006 baadhi ya ofisi ziliweka katika fomu zao fumbo dogo la hesabu au la mantiki ambalo mtu hulitatua na programu ya kutuma barua kwa wingi hushindwa. Vizuizi viliwaudhi wananchi wa kweli pamoja na mashine, na hatimaye Bunge la Wawakilishi lilitafuta njia ya kati kwa kufungua, katika miaka ya 2010, mlango maalumu wa kielektroniki ambao makundi hupitishia ujumbe wa wanachama wao katika mpangilio unaosomeka na kompyuta, jina, anwani na msimamo vikiwa vimetenganishwa tayari. Ni suluhisho la busara kiutawala, ingawa linakiri waziwazi kwamba ujumbe huo hauandikwi ili usomwe na mtu.

Mipaka ya mfumo mzima ilionekana mwisho wa Septemba 2008. Muswada wa kuziokoa benki kwa dola bilioni 700 ulikuwa mezani, wananchi waliandika kwa wingi ambao seva za Bunge la Wawakilishi hazikuweza kuubeba, tovuti zikawa nzito au kutofunguka kabisa, na wasimamizi wakalazimika kuweka kikomo cha barua pepe zilizoruhusiwa kupita kwa wakati mmoja. Tarehe 29 Septemba muswada uliangushwa kwa kura 228 dhidi ya 205, na wabunge kadhaa waliopinga walitaja hasira ya wapigakura wao. Ukapitishwa siku chache baadaye ukiwa na marekebisho. Hapa ndipo dai kwamba wabunge hawajali barua pepe linapopungua nguvu, kwa sababu hesabu ikiwa kubwa mno, na ikija karibu na uchaguzi, haihitaji kusomwa ili itishe.

Tovuti yenyewe ina historia tofauti kidogo, kwa kuwa mwelekeo wake ni wa kusema kuliko kusikia. Mwanasayansi wa siasa David Mayhew, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya Kongresi na uchaguzi, alieleza kwamba mjumbe anayetaka kuchaguliwa tena hufanya mambo matatu: hujitangaza jina, hujidai sifa ya mema yaliyolifikia jimbo, na hutangaza msimamo. Kitabu hicho kiliandikwa kabla tovuti hazijawazwa, lakini anayefungua ukurasa wa mwanzo wa mjumbe yeyote leo atayakuta matatu hayo yamepangwa: picha yake akiwa na askari wastaafu au wakulima, taarifa kwa vyombo vya habari juu ya fedha za daraja au hospitali, na orodha ya masuala yenye aya moja moja za msimamo. Vitu ambavyo mwananchi angevihitaji ili amhukumu, kama kura zake zote zikiwa zimeelezwa sababu, au ratiba ya mikutano yake na wenye maslahi, hupatikana kwa nadra, na mara nyingi kwa kiungo kinachompeleka msomaji kwenye tovuti nyingine. Mjumbe anapoondoka madarakani tovuti hufungwa, na yaliyokuwamo hubaki katika hifadhi za Maktaba ya Kongresi, mbali na macho ya wengi waliowahi kuyasoma.

Sheria imejaribu kuzuia tovuti na barua zinazolipiwa na umma zisigeuke kuwa vyombo vya kampeni. Tovuti rasmi haiwezi kuomba michango wala kura, na haiwezi kuunganishwa na tovuti ya kampeni. Na kama ilivyo kwa barua za posta zinazotumwa kwa wingi bila kuombwa, kuna kipindi kabla ya uchaguzi, ambacho katika Seneti ni siku 60, ambapo ujumbe wa namna hiyo hukatazwa. Lakini anayejiandikisha mwenyewe kupokea jarida la barua pepe la mbunge huhesabiwa kuwa ameliomba, na hivyo Bunge la Wawakilishi limemweka nje ya katazo. Mwanya huo mdogo umebadili sura ya tovuti nyingi. Kila ukurasa una mahali pa kuacha anwani, na ofisi nyingi hutuma kura ya maoni ya swali moja, kwa mfano kama mipaka ya nchi ilindwe zaidi au la, ikiwa na maandishi madogo chini yake yanayosema kwamba anayejibu amekubali pia kupokea jarida. Swali linaonekana kuwa la kusikiliza, ilhali zao lake kubwa ni anwani.

Upande ambao tovuti imekuwa na manufaa yasiyo na ubishi ni ule usiotajwa sana katika mijadala ya demokrasia, nao ni kazi ya kufuatilia shida za mtu mmoja mmoja katika ofisi za serikali: malipo ya uzeeni yaliyokwama, hati ya kusafiria iliyochelewa, faili la mke au mtoto lililolala katika idara ya uhamiaji. Sheria ya faragha ya mwaka 1974 inazuia idara kumpa mbunge habari za mtu bila ridhaa yake ya maandishi, na kwa miaka mingi maana yake ilikuwa fomu ya karatasi, kalamu, na safari ya kwenda ofisi ya jimboni au posta. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2019 iliziagiza idara kukubali ridhaa inayotolewa kwa njia ya kielektroniki, na fomu hiyo ikawa moja ya vitu vyenye thamani zaidi katika tovuti ya mjumbe. Manufaa yake yanawafikia hata wasio na kura. Wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili, wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya wakimbizi waliopokewa Marekani katika miaka ya karibuni, na familia iliyobakiza jamaa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma huweza kumwomba mjumbe wa jimbo inakoishi aulize faili limefikia wapi, kwa kuwa ofisi nyingi hutazama makazi bila kudai uraia. Kikwazo ni kwamba fomu karibu zote ni za Kiingereza, zingine za Kihispania, na anayemjazia Mkongo mara nyingi ni mtoto wake aliyesoma shule za huko.

Barua pepe imewapa pia watafiti kipimo ambacho posta haikuwapa kwa urahisi, cha kujua ni nani anayejibiwa. Daniel Butler na David Broockman walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kuwaandikia wabunge zaidi ya 4,800 wa mabunge ya majimbo ya Marekani barua pepe fupi ya kuomba msaada wa kujiandikisha kupiga kura, maneno yakiwa yale yale na jina la mwombaji likibadilika: Jake Mueller, jina linalosikika la Mzungu, au DeShawn Jackson, linalosikika la Mmarekani mweusi. DeShawn alijibiwa mara chache zaidi, kwa tofauti ya asilimia 5 hivi, na wabunge wa jamii za wachache walionyesha mwelekeo wa kinyume. Tofauti si kubwa kwa macho, lakini ilipatikana katika jambo dogo lisilo na ubishi wa kisera, ambalo kulijibu hakukumgharimu mbunge zaidi ya dakika chache. Jaribio jingine, la Sarah Kreps na Douglas Kriner wa Chuo Kikuu cha Cornell, lilipeleka mwaka 2020 kwa wabunge zaidi ya 7,000 wa majimbo barua zilizoandikwa na wanafunzi na nyingine zilizoandikwa na programu ya akili bandia. Kiwango cha kujibiwa kilitofautiana kwa chini ya asilimia 2. Ikiwa mashine inaweza kutunga barua elfu moja zisizofanana hata moja, basi kile kipimo cha mwisho kilichobaki mikononi mwa ofisi, yaani kwamba barua yenye maneno yake yenyewe ni ya mtu aliyejali, nacho kimeondoka.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Michael Neblo, Kevin Esterling na David Lazer waliandaa mwaka 2006, pamoja na wajumbe 12 wa Bunge la Wawakilishi, mikutano ya mtandaoni ambamo kundi dogo la wananchi waliochaguliwa kwa bahati nasibu waliandika maswali juu ya uhamiaji na mjumbe akayajibu kwa sauti papo hapo, msimamizi asiyekuwa mtumishi wake akiyapanga. Mwaka 2008 walirudia jaribio na Seneta Carl Levin. Walioshiriki walilielewa suala vizuri zaidi, walimwamini zaidi mjumbe wao, na walielekea zaidi kumpigia kura. Kilichofanya kazi hapo hakikuwa programu iliyotumika, ambayo ilikuwa ya kawaida kabisa, bali uamuzi wa kupunguza idadi ya wasemaji hadi pale ambapo msikilizaji mmoja anaweza kuwasikia. Mikutano ya namna hiyo haikuenea, na si ajabu, kwani mjumbe hawezi kuchagua maswali wala kujua mapema nani atauliza.

Afrika Mashariki ilifuata njia yake. Nchini Kenya, kwa maelezo ya waanzilishi wa Mzalendo, akiwamo mwanasheria Ory Okolloh, tovuti yao ya kuwafuatilia wabunge ilizaliwa katikati ya muongo wa 2000 baada ya tovuti rasmi ya Bunge kufungwa kutokana na malalamiko ya baadhi ya wabunge waliochukizwa na wasifu wao kuanikwa hadharani. Ni mwanzo unaoeleza mengi, kwa kuwa tovuti ya bunge ilionekana na wenyewe kuwa tishio kabla haijaonekana kuwa chombo, na wananchi wa kujitolea ndio walioijaza nafasi hiyo. Mwaka 2012 Mzalendo iliundwa upya kwa msaada wa mySociety, jumuiya ya Uingereza iliyokwisha kutengeneza huko tovuti za kumtafuta mbunge kwa msimbo wa posta na kusoma aliyoyasema. Msimbo huo wa Uingereza hutambulisha nyumba chache tu. Mfumo wa anwani za Kenya umejengwa juu ya masanduku ya posta, ambayo hayaonyeshi mtu analala wapi, na hivyo ile fomu ya Washington yenye kumchuja mkazi na asiye mkazi haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo.

Nchini Tanzania tovuti ya Bunge imekuwa na ukurasa wa kila mbunge unaoonyesha maswali aliyouliza na michango aliyotoa, jambo linalomwezesha mpigakura wa Kigoma au wa Mtwara kumhesabia mbunge wake kazi ya Dodoma, na thamani ya kumbukumbu hizo iliongezeka baada ya serikali kutangaza Januari 2016 kwamba televisheni ya taifa, TBC, itaacha kurusha vikao moja kwa moja. Mazungumzo yenyewe lakini hayapiti hapo. Hupita kwa katibu wa mbunge jimboni, kwa simu, na kwa makundi ya WhatsApp ambamo diwani, mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu wamo pamoja, na ambamo ombi la bati za zahanati hufika haraka kuliko hoja yoyote juu ya muswada. Ni mawasiliano yaliyo hai, lakini hayana jalada: mbunge akibadilika, au simu ikipotea, hakuna anayeweza kuonyesha nini kiliombwa na nini kiliahidiwa.

Mwezi Juni 2024 wabunge wa Kenya walikutana na Septemba 2008 yao. Namba zao za simu zilisambazwa mitandaoni na vijana waliopinga Muswada wa Fedha wa mwaka huo, na simu na meseji zikawamiminikia usiku na mchana hadi wengine wakazima simu. Tofauti na ilivyokuwa Washington, muswada ulipita tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na kilichouondoa ni maandamano na umwagaji damu wa siku hiyo, ambavyo vilimfanya Rais akatae kuutia saini. Mwaka uliofuata jaribio likaja kwa barua pepe. Mei 2025 mtengenezaji mmoja wa programu alifungua tovuti ndogo iliyomwezesha mwananchi kumpelekea karani wa Bunge la Taifa na kamati ya fedha pingamizi lake dhidi ya Muswada wa Fedha wa 2025, kwa kubonyeza mara moja, kwa namna ile ile ambayo makundi ya ushawishi ya Marekani yameitumia tangu miaka ya 1990. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 kwa kuvuruga mifumo ya ofisi ya karani, na tarehe 20 Juni mahakama ya Nairobi ikaitupa hati ya mashtaka kwa kuwa haikuonyesha kosa linalojulikana kisheria. Wingi ule ule wa barua ambao Kongresi iliujengea mlango wake, hapa ulipelekwa polisi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 118, inalitaka Bunge kuwezesha ushiriki wa umma katika kazi zake, na kamati huchapisha ripoti zenye jedwali la maoni yaliyopokelewa. Wanaojaza majedwali hayo kwa sehemu kubwa ni taasisi, kama jumuiya ya wahasibu ICPAK au chama cha wenye viwanda KAM, zenye mawakili wa kutaja kifungu na kupendekeza maneno mbadala. Pingamizi la sentensi moja lililotumwa na maelfu halina safu inayolifaa. Kama Bunge linawajibika kulijibu ni swali lililofika mahakamani kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha sheria hiyo, moja ya hoja zake ikiwa kwamba Bunge halikutoa sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, ikisema kwamba hakuna sheria iliyopo inayolilazimisha Bunge kutoa sababu hizo kwa maandishi, ingawa kufanya hivyo kungekuwa jambo jema.